Tarehe 10 Januari, Siku ya Kibaha na Kisarawe

Kibaha haina sikukuu yake. Tunaadhimisha za taifa pamoja na wenzetu wote, bendera zinapandishwa, hotuba zinasomwa, kesho yake kila mtu yuko kazini. Lakini kama ipo siku moja kwenye kalenda ambayo mtu wa Kibaha na ndugu yake wa Kisarawe wanapaswa kuijua kwa kichwa, basi ni tarehe 10 Januari. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, kwanza upande wa Kisarawe nilikozaliwa, halafu huku Kibaha nilikostaafia. Kila mwaka shule zilipofunguliwa, wakati watoto wa kidato cha kwanza bado wanahangaika na magodoro, ndoo na makwanja yao, mimi niliandika ubaoni miaka mitatu: 1920, 1946 na 1970. Juu yake niliandika tarehe moja. Somo la kwanza la mwaka lilikuwa hilo.

Tuanze na Jumamosi ya tarehe 10 Januari 1920. Siku hiyo Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, ulianza rasmi kufanya kazi. Katika vifungu vyake mamia, kinachotuhusu zaidi ni cha 119, nacho ni kifupi mno: Ujerumani inaziachia haki zake zote juu ya makoloni yake ya ng'ambo, na zinachukuliwa na mataifa makubwa yaliyoshinda vita. Kwa maneno hayo machache Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikwisha kisheria. Vilima vya Pugu, mashamba ya mihogo ya Maneromango, bonde la Ruvu, yote yalitoka mkono mmoja na kwenda mwingine, na hakuna Mzaramo hata mmoja aliyekuwemo chumbani.

Hapa huwa sipendi kwenda haraka, maana wanafunzi wengi hudhani Mjerumani alipita tu huku akielekea bara. Alikaa, na kwa gharama kubwa. Tarehe 13 Januari 1889, wakati pwani nzima imewaka moto wa vita vya Abushiri, misheni ya Wabenediktini pale Pugu ilivamiwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Mwezi huohuo Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni mbili, na Hermann von Wissmann akatumwa kuja na jeshi. Kabla mwaka haujaisha Abushiri alikwisha nyongwa Pangani. Mwaka 1892 Walutheri kutoka Berlin wakafungua misheni Kisarawe, miaka mitatu baadaye wakafika Maneromango.

Halafu ikaja pamba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliagiza kila jumbe awe na shamba la pamba, na watu wake walilime kwa zamu. Hesabu ya karatasini ilikuwa siku 28 kwa mwaka kwa mtu, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Mwaka 1905 Maji Maji ilipovuka kutoka Umatumbi na Rufiji, Uzaramo wa kusini haukukaa pembeni. Kibasila wa Kisangire, ndani ya Kisarawe ya leo, aliwaongoza watu wake, na aliyalipia hayo kwa uhai wake. Vijana wanaosoma shule ya Kibasila kule Temeke wanalibeba jina lake kifuani kila siku. Nimewauliza wengi wao alikuwa nani. Wachache mno wamenijibu.

Baada ya hapo ikaja Vita Kuu. Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 4 Septemba 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kufuata reli na kuelekea kusini huku wakivunja madaraja, na pande zote mbili zikawakamata wanaume wa vijijini kubeba mizigo. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Nilipokuwa mtoto alinishika mkono akauweka kwenye bega lake la kulia: palikuwa na uvimbe mgumu, ngozi yake imekuwa nene na laini, haioti nywele. Masanduku ya risasi, aliniambia, na gunia la unga juu yake. Aliondoka na vijana wenzake wa kijijini, na walio wengi hawakurudi. Hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa njiani.

Siku ile ya Januari 1920 babu alikuwa Kisarawe anapalilia. Habari ya mkataba ule hakuisikia siku hiyo, wala mwezi huo. Nilipomuuliza alijuaje kwamba Mjerumani ameondoka, alisema, "Mjukuu wangu, nilijua siku karani mpya alipokuja kudai kodi." Kanisani walijua mapema zaidi. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na sharika za Kisarawe na Maneromango zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika kwa miaka kadhaa, wakibatiza, wakifundisha watoto kusoma na kuzika wafu wao wenyewe. Hicho ndicho kitu kimoja cha heri nilichokiona katika mwaka ule, na ninakitaja kwa fahari ingawa mimi si wa dhehebu hilo.

Kuna jambo lingine lililozaliwa tarehe hiyohiyo. Mkataba wa Versailles ulikuwa umebeba ndani yake katiba ya Umoja wa Mataifa wa zamani, ule wa Geneva, nao ukaanza kuishi siku hiyo. Kwa kanuni zake Uingereza haikupewa Tanganyika iwe mali yake. Ilikabidhiwa kuitunza kama dhamana, na kila mwaka ilipaswa kupeleka taarifa. Wakati huo ilionekana ni heshima ya maneno tu. Wakulima wa Uzaramo hawakuona tofauti yoyote kati ya koloni na dhamana, na sidhani kama walikosea. Lakini tofauti hiyo ilikuja kuzaa matunda.

Miaka 26 baadaye, Alhamisi tarehe 10 Januari 1946, wajumbe wa nchi 51 walikutana London, katika ukumbi wa Wamethodisti pale Westminster, kwa kikao cha kwanza cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mpya. Walimchagua Paul-Henri Spaak wa Ubelgiji kuwa rais wa kikao. Kutoka Afrika yote palikuwa na nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho iliwakilishwa na Wazungu watupu. Kwa mara nyingine hatukuwemo. Ila safari hii mlango uliachwa wazi kidogo. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo Baraza Kuu lilipitisha mkataba uliofanya Tanganyika kuwa nchi ya udhamini, na chini ya utaratibu huo wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao wenyewe, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kukagua nchi kila baada ya miaka mitatu.

Sasa tazama ni nani aliyepita katika mlango huo, na alitokea wapi. Alikuwa mwalimu wa shule pale Pugu, jirani kabisa na Kisarawe. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akaanza kufundisha Pugu, akawa anakwenda mjini kwa shughuli za chama na kurudi kushika chaki. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini na kusema kwamba nchi hii ni ya Waafrika na kwamba wanataka kujitawala. Nauli yake ilichangwa na wanachama. Aliporudi, akalazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu, na mwezi huohuo aliacha kazi. Kijana wa Kisarawe anayekwenda Dar es Salaam kila asubuhi anapita karibu na madarasa hayo. Bila kikao kile cha Januari 1946 kusingekuwa na Baraza la Udhamini, na mwalimu wa Pugu asingekuwa na mahali pa kwenda kulishitaki dola la Uingereza mbele ya dunia.

Tarehe 10 Januari ya tatu ni ya kwetu wenyewe, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Kibaha ilikuwa mikorosho, vichaka na vijiji vilivyotawanyika kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi nne za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, kuanzisha hapa mradi mmoja wa pamoja. Ulikuwa mradi wa kwanza wa misaada ambao nchi hizo nne ziliufanya kwa kushirikiana. Mwalimu Nyerere alikuwa amewataja maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na mradi ukapangwa uwakabili wote mahali pamoja: shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya pale Tumbi.

Shule ya Sekondari Kibaha ilianza mwaka 1965. Mwaka uliofuata aliingia hapo kijana kutoka Msoga aitwaye Jakaya Kikwete, akasoma hadi 1969. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa nne wa nchi hii. Tumbi ilianza kutibu watu mwaka 1967. Wakulima wakawa wanakuja kujifunza kilimo na ufugaji wa kuku, kisha wanarudi vijijini kwao. Nilizaliwa na kukua mahali ambapo mtu akiugua sana hubebwa kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, na gari likikosekana mnarudi naye nyumbani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiniambie kwamba kituo cha afya ni majengo tu.

Tangu mwanzo ilikubaliwa kwamba siku moja wageni watakabidhi na kuondoka. Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Mashirika ya Umma, Namba 17 ya mwaka 1969, na Jumamosi tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Ukawa Shirika la Elimu Kibaha, jina linalosomeka hadi leo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ujenzi wa reli ya TAZARA ulizinduliwa, reli inayopita Kisarawe kwa upande wa Mzenga, na macho ya dunia yakaenda huko. Makabidhiano ya Kibaha yakasahaulika haraka.

Ninayapa uzito kwa sababu moja. Mwaka 1920 ardhi hii ilibadilishiwa mkono na watu wasiotujua. Mwaka 1946 mashauri yetu yalijadiliwa na wengine kwa niaba yetu. Mwaka 1970 aliyepokea alikuwa Mtanzania, na alipokea kitu kinachofanya kazi: wanafunzi darasani, wagonjwa wodini, kuku bandani. Wapo wanaosema kwamba ule ulikuwa msaada tu wa Wazungu, hauna la kujivunia. Sikubaliani nao hata kidogo. Wageni walikaa miaka saba. Zaidi ya nusu karne iliyofuata shule ile imeendeshwa na walimu wa Kitanzania, ikabaki miongoni mwa shule za vipaji maalumu ambazo kila mzazi nchini anazijua. Kituo kile cha afya leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, na basi likipinduka usiku barabara ya Morogoro, majeruhi wanakimbizwa Tumbi. Kituo cha wakulima kimekuwa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kupokea ni kazi ya siku moja. Kuvitunza vitu hivyo kwa miaka yote hiyo, mishahara ikichelewa, dawa zikipungua, mapaa yakivuja, hiyo ni historia yetu na haina mwenyewe mwingine.

Kinachoniuma ni kwamba watu walioiona siku ile wanakwisha. Wapishi wa mabweni ya kwanza, madereva wa mradi, wauguzi wa mwanzo wa Tumbi, vibarua waliong'oa visiki ili uwanja wa shule upatikane: wengi wao wamelala makaburini, na waliobaki wako Kongowe, Visiga na Mlandizi, wazee wa miaka themanini na zaidi. Majina ya mabalozi na wakurugenzi yamo kwenye majalada. Ya hawa hayamo popote.

Kwa hiyo ninatoa ombi. Walimu wakuu wa Kibaha na Kisarawe, tarehe 10 Januari ikiwakuta shule ziko wazi, tengeni kipindi kimoja tu. Mwiteni mzee mmoja, mumpe kiti, watoto wamsikilize na kuandika. Ninyi wa Kisarawe, wapelekeni wanafunzi wenu Pugu na Maneromango wakaone kwa macho yao. Na wewe unayesoma, kama baba yako au bibi yako alifanya kazi katika mradi wa Nordic, hata kama alikuwa mfagiaji, muulize mwaka alioanza, kazi aliyopewa na mshahara aliolipwa. Yaandike kwenye karatasi pamoja na jina lake kamili, uipeleke maktaba ya Kibaha akiwa bado hai.