Mnazi una fidia, mwamba hauna

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitimiza miaka 25 mwaka 2025. Ni kilomita za mraba 650 za miamba, mikoko, visiwa na vijiji, kutoka Msanga Mkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini, hadi mpaka wa Msumbiji. Kwa robo karne hiyo watu wamebishana: bahari hii ina thamani gani, na nani apewe kalamu ya kuipigia hesabu?

Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba kazi ambazo maumbile humfanyia binadamu bila malipo zinafikia dola trilioni 33 kwa mwaka, karibu mara mbili ya pato la dunia nzima la wakati ule. Wachumi wanaihesabu makala hiyo kuwa hatua kubwa. Mimi naona wavuvi wa kusini walikuwa wameshaianza hesabu hiyo, tena kwa uchungu zaidi.

Miaka hiyohiyo baruti ililia kila siku pwani ya Mtwara na Lindi. Mpiga baruti huua kundi zima la samaki kwa mpigo mmoja, wakubwa kwa wachanga, na mwamba hugeuka kifusi. Samaki anauzwa siku hiyohiyo. Mwamba unahitaji miongo kadhaa kurudi, kama utarudi. Wanavijiji waliwakamata wahusika wakawaona wakiachiwa, na wenye mitego na nyavu halali wakabaki na bahari tupu. Wakati mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland ukiendelea mikoani humo, kundi la watengeneza video la Maneno Mengi liliweka kamera mbele ya wanavijiji. Wavuvi wakasema wazi nani anafaidika na nani anapoteza, na kanda zikapelekwa kwa viongozi ili wajibu. Video iliyotokana na mabishano hayo iliitwa Bahari Yetu, Hatutaki. Kamati za vijiji ziliungana katika umoja walioupa jina la Shirikisho. Mwaka 1998 wanamaji wa jeshi waliingia kwenye doria, na milio ikapungua sana kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Hakuna mchumi aliyewafundisha watu hawa kwamba mwamba mzima una faida kuliko uliopasuliwa.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria Na. 29 ya 1994, ikiwa ya pili baada ya Mafia. Fedha za kuijenga zilitoka Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF) kupitia shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP), na shirika la uhifadhi la IUCN likatoa wataalamu, waliohesabu zaidi ya aina 250 za matumbawe. Lakini kokoro na nyavu za matundu madogo zilipopigwa marufuku, mzigo uliwaangukia waliokuwa na zana hizo tu. Wanakijiji wa Nalingu waliikataa hifadhi waziwazi. Vinay Kamat, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliyekaa na watu wa huko, alichapisha mwaka 2014 makala ambayo kichwa chake kinaiita bahari shamba letu. Shamba, kwa mkulima wa kusini, ni chakula cha leo na urithi wa watoto.

Kisha gesi. Kampuni ya AGIP iliigundua katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Miaka ya 2000 kampuni ya Artumas ya Kanada ikaanza kuitoa katika kijiji cha Msimbati, ndani ya mipaka ya hifadhi. Hapa ndipo jedwali la fidia linaponikera. Sheria za ardhi za 1999 zinataka anayeondolewa alipwe thamani ya ardhi, nyumba na mazao yake, kwa hiyo mthamini huhesabu minazi na mikorosho, mti kwa mti. Mwamba wa pweza hauna mstari. Ufuko ambako wanawake hutanda uduvi hauna mstari. Mikoko ya Ruvuma, mazalia ya kamba na kinga ya mashamba dhidi ya maji ya chumvi, haina mwenye hati wa kulipwa.



Zanzibar ilionyesha njia ya kuihesabu bahari. Glenn-Marie Lange na Narriman Jiddawi walionyesha mwaka 2009 kwamba huduma za bahari zilichangia asilimia 30 ya pato la visiwa hivyo mwaka 2007. Takwimu kama hiyo waziri wa fedha hawezi kuipuuza. Mtwara inastahili hesabu ya aina hiyo, tena ifanywe kabla ya kisima kingine kuchimbwa, na jumla ya dola peke yake haitoshi: ioneshe pia, kijiji kwa kijiji, nani anakosa kitoweo eneo linapofungwa. Wanawake wa Msimbati na Nalingu wanaoshuka miambani kila bamvua wakae kwenye meza ya hesabu hiyo kama wathamini, walipwe posho sawa na wataalamu wa Dar es Salaam.