Fundi na Mfanyakazi: Mafunzo ya Union Minière na Hatima ya Waliohitimu

Chuo cha ufundi hupimwa kwa kawaida kwa swali moja: je, waliohitimu wamepata kazi? Historia ya Katanga yaonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la lazima, halitoshi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliweza kulijibu vizuri kwa miaka mingi. Hata hivyo jibu lake halikuwakinga waliosomeshwa nayo, wala watoto wao, siku uchimbaji ulipoanguka.

Hapo mwanzo kampuni haikutia maanani kuwafunza Waafrika. Tangu tanuru la Lubumbashi lianze kuyeyusha shaba mwaka 1911, ilitegemea vibarua wa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambao walirudi makwao punde tu baada ya kuizoea kazi. Kuwatafuta wengine kila mara kuligharimu fedha nyingi. Ndiyo maana, kuanzia mwaka 1928, kampuni ilieneza mikataba ya miaka mitatu, ikahimiza wafanyakazi kukaa kambini pamoja na wake zao, na kuwategemea wamisionari Wabenedikto kwa elimu ya watoto. Mvulana alisomeshwa ili amfuate baba yake karakanani. Msichana alifundishwa kushona na kutunza nyumba. Shule hiyo haikuwa zawadi. Ilikuwa njia ya kupata wafanyakazi wapya palepale kambini.

Kwa kipimo cha ajira mpango huo ulifaulu, kwa kuwa kijana alifunzwa kile hasa alichokihitaji mwajiri. Lakini ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni mpaka wa cheo. Hadi uhuru wa mwaka 1960, uhandisi na uongozi wa juu ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kazini, ilhali ngazi za juu zilidai Kifaransa, nacho walikipata wachache. Ya pili ni kwamba mwajiri alikuwa mmoja. Katika msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1930 kampuni iliwaachisha kazi maelfu ya watu. Na wafanyakazi walipogoma mwezi Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwafyatulia risasi huko Elisabethville tarehe 9. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo karani Léonard Mpoyi, msemaji wao. Kusoma kulimpa kiti ofisini; hakukumpa haki ya kusikilizwa.

Hali hiyo imeacha alama katika lugha. Katika Kiswahili cha miji ya Katanga, neno «kazi» lilielekea kumaanisha hasa ajira ya mshahara. Alimaye shamba kutwa nzima aweza kusemwa kwamba hana kazi. «Fundi» ni neno la ukoo mwingine. Lina nasaba na «funda» na «fundisha», nalo hutaja ujuzi alionao mtu mwenyewe, awe ameajiriwa au hakuajiriwa. Shule za kampuni ziliahidi ufundi, lakini zilihesabu kazi.

Tofauti ya maneno hayo mawili ilidhihirika baadaye. Mali ya Union Minière ilitaifishwa kuanzia mwaka 1967, na kampuni ya taifa, iliyokuja kuitwa Gécamines, ilirithi migodi, kambi na shule. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaiacha kampuni kwa malipo ya mara moja. Mchomeleaji, fundi umeme na seremala waliweza kubeba ujuzi wao hadi mtaani. Aliyezoezwa hatua moja tu ya mtambo mkubwa alitoka mikono mitupu, kwa maana mtambo huo haupatikani mtaani.

Funzo lake halijapitwa na wakati. Baada ya Sheria ya Madini ya mwaka 2002 makampuni mapya yalifika Katanga, na katika mwaka 2014 nchi ilivuka tani milioni moja za shaba. Vijana wanasomea tena migodi. Anayetathmini vyuo vyao na ahesabu walioajiriwa, lakini asiishie hapo: awafuate baada ya miaka kumi, aulize ni wangapi waliopanda cheo, na ni wangapi wangeweza kujilisha kwa ujuzi wao iwapo mgodi ungefungwa. Chuo kinachotoa wafanyakazi hudumu kadiri mwajiri anavyodumu. Kinachotoa mafundi huacha kitu mikononi mwa watu.