Neno "Gag": Kuziba Kinywa

Leo tutalitazama neno moja la Kiingereza, nalo ni "gag". Hapo zamani maana yake ilikuwa kukaba koo. Yamkini limeiga sauti ya mtu anayekabwa. Baadaye likawa na maana ya tambara atiwalo mtu kinywani asipate kusema.

Neno hili liliingia hata bungeni. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikata shauri kwamba maombi yote ya wananchi juu ya utumwa yawekwe kando, yasijadiliwe wala kupigwa chapa. Wapinzani wakaiita amri hiyo "gag". John Quincy Adams, aliyekuwa Rais tangu 1825 hata 1829, akaipinga bila kuchoka, akisema kuwa Katiba imempa raia haki ya kuomba. Nayo maombi hayakupungua, bali yalizidi. Tarehe 3 Desemba 1844 amri ikafutwa. Utumwa wenyewe ukakomeshwa 1865.

Basi, ukisikia kwamba mtu amezibwa kinywa, usiulize jina lake tu. Uliza pia ni jambo gani halitakiwi kusikiwa.