Jaribio la Dawa Linapokoma Kabla ya Siku Yake

Mwaka 2011 majaribio manne makubwa ya kitabibu, yaliyofanyika Afrika Mashariki peke yake au pamoja na nchi nyingine, yalifikia ukomo kabla ya muda uliopangwa. Januari ilikuwa zamu ya FEAST, lililochunguza kama watoto wenye homa kali, ambao damu yao haizunguki vya kutosha, watundikiwe dripu ya haraka mara wanapofikishwa hospitali. Aprili likafuata FEM-PrEP, lililowapa wanawake wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini kidonge cha kila siku cha kujikinga na VVU. Mei yakatangazwa matokeo ya HPTN 052, kuhusu wenza ambao mmoja wao ana VVU na anaanza dawa bila kusubiri kinga ya mwili ishuke. Julai ikawa Partners PrEP, la Kenya na Uganda. Kwa Kiswahili cha kawaida cha taarifa za habari, yote manne yangepewa kitenzi kimoja: yamesitishwa. Lakini la kwanza lilikoma kwa kuwa tiba iliyoaminika ilikuwa inaongeza vifo. La pili, kwa kuwa hapakuwa tena na matumaini kwamba kidonge kingeonyesha faida. Na mawili ya mwisho, kwa kuwa kinga ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba kuendelea kuwanyima wengine kungekuwa dhuluma. Msikilizaji aliyeambiwa tu kwamba jaribio limesitishwa hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea, na mara nyingi atawaza lililo baya. Naamini istilahi hii moja haitoshi, na kwamba tunapochagua neno tungeuliza jambo moja: je, swali la utafiti limepata jibu?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kujua jaribio hukomeshwa na nani. Mara nyingi mganga na mshiriki wote hawajui nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. Anayejua ni kamati huru ya usalama na takwimu, utaratibu ambao mizizi yake iko katika ripoti ya Greenberg iliyotolewa Marekani mwaka 1967. Kamati hii hufungua hesabu kwa vipindi vilivyoandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza kusajiliwa, na kwa kawaida hujiwekea kizingiti cha juu zaidi mwanzoni, kwa sababu namba chache huyumba: wiki mbili mbaya zinaweza kuifanya dawa njema ionekane sumu. Ikikuta faida iliyo wazi, madhara yaliyo wazi, au kwamba hata wakiongezwa washiriki wote waliobaki jibu halitabadilika, hushauri jaribio likome. Nje ya kamati kuna sababu nyingine zisizohusiana na hesabu hizo: fedha zimekatika, washiriki hawapatikani, kampuni imeona dawa hiyo haitaiingizia faida.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Kusita ni kusimama kwa shaka, na anayesita bado anaweza kuendelea. Ndiyo maana tunasema kusitisha mapigano, tukijua bunduki hazijatupwa. Kitenzi hicho kinalifaa sana tukio kama la Septemba 2020, wakati majaribio ya chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford na AstraZeneca yalipositishwa baada ya mshiriki mmoja wa Uingereza kuugua, yakaendelea tena nchini humo baada ya siku chache. Huko ndiko kusitisha hasa. FEAST haikusita, wala haikuwa na shaka. Kwa jaribio la namna hiyo lugha yetu tayari ina jozi ya maneno kutoka uwanja wa elimu, ambayo kila mzazi anaielewa: mwanafunzi anahitimu masomo, au anakatiza masomo. Wote wawili wameondoka shuleni. Aliyehitimu ameondoka na kile alichokiendea. Napendekeza basi kuhitimisha mapema kwa jaribio lililopata jibu kabla ya muda, kukatiza kwa lililoachwa bila jibu, na kusitisha kubaki kwa lile linaloweza kurejea.

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba kuhitimisha ni neno la heshima mno kwa jaribio ambamo watoto wamekufa. Je, hatuwapaki watafiti mafuta? FEAST ndiyo mahali pa kulijibu, kwa kuwa hakuna mfano mgumu zaidi ya huo. Lilifanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na katika hospitali nne za Uganda. Lilipangwa kusajili watoto 3,600. Kamati ililikomesha walipofika 3,141. Miongoni mwa waliotundikiwa dripu ya haraka, iwe ya albumini au ya maji ya chumvi, zaidi kidogo ya asilimia 10 walikufa ndani ya saa 48; miongoni mwa wasiotundikiwa hiyo ya haraka, asilimia 7.3. (Watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuhusishwa, na matokeo haya hayawahusu.) Dripu hiyo haikuwa dawa ngeni iliyoletwa kujaribiwa kwa Waafrika. Ilikuwa tiba iliyopendekezwa katika miongozo ya nchi tajiri, na madaktari wengi waliona kutokuwa nayo katika hospitali zetu ni upungufu unaopaswa kuzibwa haraka. Jaribio lilionyesha kwamba katika mazingira hayo ilikuwa inaua. Ukisema limesitishwa, au baya zaidi limevunjwa, mzazi atasikia kwamba utafiti ulishindwa, ilhali utafiti ndio uliogundua kilichokuwa kikiwadhuru watoto kama wake. Kuhitimisha hakufichi kifo hata kimoja, mradi sentensi ikamilishwe: jaribio lilihitimishwa mapema kwa sababu ya madhara. Kitenzi kinasema kwamba jibu limepatikana, na maneno yanayofuata yanasema ni jibu gani.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanatakwimu, na lina haki. Wanasema jibu la mapema si sawa na jibu kamili. Mwaka 2010 Bassler na wenzake walilinganisha majaribio 91 yaliyokomeshwa kwa sababu ya faida na mengine 424 yenye maswali yaleyale yaliyokwenda hadi mwisho; faida ilionekana kubwa zaidi katika yale ya kwanza, hasa pale ambapo matukio yaliyohesabiwa yalikuwa pungufu ya 500. Historia ya dawa ya AZT inafundisha hivyohivyo. Mwaka 1986 jaribio lake la kwanza kwa wagonjwa wa UKIMWI lilikomeshwa baada ya vifo 19 upande wa kidonge kitupu na kimoja tu upande wa dawa. Faida ile ilikuwa ya kweli kwa wagonjwa wale kwa kipindi kile. Mwaka 1989 jaribio jingine, la watu wasio na dalili, nalo likakomeshwa kwa sababu ya faida. Kisha Concorde, lililofanyika Uingereza, Ufaransa na Ireland na kufuatilia watu kwa takriban miaka mitatu, likaonyesha kwamba kuwaanzishia AZT peke yake watu wasio na dalili hakukuwaongezea uhai. Kwa hiyo neno mapema katika kuhitimisha mapema si pambo la kuachwa kichwa cha habari kinapokosa nafasi, maana tahadhari yote imo humo. Wala kuhitimisha hakuzuii ufuatiliaji: HPTN 052 ilitangaza mwaka 2011 kwamba maambukizi kati ya wenza yalipungua kwa asilimia 96, ikaendelea kuwafuatilia hadi 2015, na namba ya mwisho ikawa asilimia 93.

Kesi ngumu ni FEM-PrEP. Maambukizi yalikuwa 33 kwa waliopewa dawa na 35 kwa wasiopewa. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha kwamba wanawake wengi walikuwa hawavimezi vidonge mara kwa mara. Miezi mitatu tu baada ya FEM-PrEP kukoma, Partners PrEP, iliyotumia dawa hiyohiyo na nyingine ya jamii yake, ilionyesha kinga ya kiwango cha juu kwa wenza wa Kenya na Uganda. Je, FEM-PrEP ilipata jibu? Kwa swali la kama dawa ina nguvu mwilini, hapana. Kwa swali ililouliza hasa, yaani kama kuwapa wanawake hawa kidonge cha kila siku kutapunguza maambukizi kwao, ndiyo, na jibu lilikuwa kwamba hakutapunguza. Ningeiita iliyohitimishwa mapema, nikijua kwamba wapo watakaopinga kwa hoja nzuri. Ubishi huo wenyewe una faida, kwa kuwa unamlazimu mwandishi aseme utafiti uliuliza nini, jambo ambalo kusitisha humruhusu kulikwepa.

Huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola, tofauti hii ilikuwa na uzito wa maisha. Agosti 2019 jaribio la dawa nne lilihitimishwa mapema: vifo vilikuwa karibu nusu au zaidi ya wagonjwa kwa ZMapp na remdesivir, na karibu theluthi moja kwa dawa mbili nyingine, ambazo moja yake ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995. Katika eneo ambalo watu wengi walivishuku vituo vya matibabu na wengi huzungumza Kiswahili, kusema kwamba dawa mbili zimepatikana na sasa kila mgonjwa atapewa mojawapo kuko mbali sana na kusema kwamba majaribio yamesitishwa.

Wapo watakaosema rejista za kimataifa zina hali moja tu kwa jaribio lililokoma kabla ya wakati, na Kiswahili kikiwa na mbili kitavuruga tafsiri. Lakini rejista hizo pia zina hali ya kusimamishwa kwa muda, iliyotengwa na ile ya kukomeshwa, kwa hiyo kosa la kutumia kusitisha kwa zote mbili ni letu wenyewe. Tena rejista ya Marekani huambatanisha mstari wa sababu, na hapo ndipo mfasiri aanzie. Mstari ukisema kamati imeona faida, madhara au kutokuwapo kwa matumaini ya tofauti, jaribio limehitimishwa mapema. Ukisema fedha zimekwisha, washiriki wamekosekana au kampuni imebadili mipango, limekatizwa, hata taarifa ya kampuni ikiandikwa kwa lugha laini kiasi gani. Na katika fomu ya ridhaa maneno yote matatu yawekwe tangu mwanzo, kila moja na maelezo ya kile mshiriki atakachofanyiwa: likisitishwa, nani atamjulisha na lini, likihitimishwa mapema, kama atapewa tiba iliyoonekana bora, likikatizwa, nani ataendelea kumpima baada ya watafiti kuondoka.