Makanisa ya Misheni ya Kyela

Makanisa ya misheni ya Kyela ni nyumba za ibada zilizotokana na vituo vya wamisionari wa Kijerumani kwenye tambarare ya Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mkoani Mbeya, kuanzia miaka ya 1890. Vituo vinavyojulikana zaidi ni Ipyana, Ikombe na Matema. Thamani yake kama urithi imo katika ufundi wa ujenzi na katika ibada iliyoendelea humo vizazi kwa vizazi.

Historia

Mwaka 1891 Wamoravian walianzisha kituo cha Rungwe, huku Misheni ya Berlin ikifika chini ya Alexander Merensky. Wamoravian walishika upande wa magharibi, wenzao mashariki. Ikombe, kwa Wakisi, ilianzishwa 1893. Ipyana, kwa Wanyakyusa, 1894.

Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini. Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walisimamia kazi hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawaondoa tena. Katika vipindi hivyo, wazee wa kanisa na walimu wenyeji ndio walioendesha ibada. Leo Ipyana iko chini ya Kanisa la Moravian, Jimbo la Kusini. Matema iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Konde.

Ujenzi

Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo, na msafiri Joseph Thomson, aliyepita mwaka 1879, alizisifu nyumba zao kwa unadhifu. Misheni zilieneza tofali la kuchoma: udongo hufyatuliwa kwa kibao, hukaushwa kivulini, kisha hupangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni. Mapaa ya nyasi yalipisha mabati. Ufundi huo sasa ndio wa nyumba za kawaida wilayani.

Uhifadhi

Kyela hupata mvua nyingi sana. Maji yanayorukia chini ya ukuta hula tofali, na mchwa hupanda kwa vijia vya udongo hadi kwenye kenchi. Lipu ya saruji juu ya tofali laini huzuia unyevu kutoka, hivyo ukuta huoza kwa ndani. Lipu ya chokaa huuacha upumue. Eneo hili limo pia katika Bonde la Ufa: matetemeko ya Desemba 2009 yaliharibu nyumba nyingi Karonga, ng'ambo ya mto Songwe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la waziri. Bila tangazo hilo, uamuzi wa kukarabati, kupanua au kubomoa hubaki kwa usharika na uongozi wa kanisa.