Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Kijana anayeshuka matatu Ruiru au Thika kutafuta chumba karibu na chuo huingia katika kipimo kilichowekwa kabla babu yake hajazaliwa. Futi kumi kwa kumi, mlango mmoja, dirisha moja, choo uani. Hakuna chuo kilichobuni kipimo hicho. Kilitoka mashambani.

Reli ya Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Walowezi walikuwa wamejaza kahawa upande wa Ruiru na katani kuelekea Juja na Thika, na mazao hayo yalitaka mikono mingi. Kibarua alipewa chumba katika laini za kambi, vyumba vimepangwa mgongo kwa mgongo chini ya paa moja la mabati. Mwenye shamba alimhesabu kuwa mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto. Mimi nilizaliwa katika chumba kama hicho karibu na Ruiru. Mama alichuma kahawa na kulipwa kwa debe, nasi watoto tulilala nyuma ya shuka lililotundikwa kwa misumari. Jirani yetu wa kushoto alitoka Kitui, wa kulia alitoka Maragoli. Kiswahili ninachokiandika hapa nilikipata bombani kwa mama wa vyumba hivyo kabla sijakanyaga shule.

Baada ya uhuru, kampuni na vyama vya kununua ardhi vilichukua mashamba kadhaa na kuyakata vipande. Thika ilikuwa na viwanda vya nguo, ngozi na mananasi ya mkebe, na wafanyakazi walitaka mahali pa kulala. Hapo ndipo ploti za vyumba vya kupangisha zilipozaliwa. Mimi na mume wangu, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo, tulijenga yetu Makongeni kidogo kidogo, kwa pesa za chama cha akiba na za shifti za usiku. Mawe tuliyatoa Ndarugu, kwenye machimbo yaliyojenga nusu ya nyumba za huku. Fundi hakuuliza chumba kiwe na ukubwa gani. Alipiga kamba futi kumi kwa kumi, kama alivyozoea, akazungusha vyumba kuuzunguka ua wenye bomba moja.

Vyuo vilikuja vikiwa na malazi yao. Chuo cha Kenyatta, pale Kahawa, kilianza mwaka 1965 katika kambi iliyoachwa na jeshi la Uingereza, na wanafunzi wakalala walipolala askari. Chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia kilipokea wanafunzi wa kwanza Juja mwaka 1981, kwenye ardhi aliyoitoa Mzee Kenyatta na kwa msaada wa Japani. Siku hizo mwanafunzi alikuwa mgeni wa serikali: kitanda, chakula na pesa kidogo za mfukoni. Miaka ya tisini serikali ilimtaka achangie gharama. Bodi ya mikopo, HELB, ikaundwa mwaka 1995, kisha vyuo vikafungua milango kwa wanaojilipia karo. Wanafunzi waliongezeka, vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Miaka hiyohiyo soko lilifunguliwa, mitumba ikajaa, viwanda vya nguo vikapunguza watu. Wapangaji wangu wa shifti walirudi kwao mmoja mmoja. Vyumba vilikaa vitupu hadi msichana mmoja kutoka Busia alipobisha lango akiwa na godoro, sanduku la bati na ndoo. Alisoma katika chuo cha ufundi kilichokuwa mjini. Wenzake wakafuata, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilipopata hati yake mwaka 2011, Thika nzima ilikuwa imejifunza kupangisha wanafunzi.

Tulijifunza mengi. Mkopo wa HELB ukichelewa, kodi nayo huchelewa, na kumfungia mtoto wa watu mlango wiki ya mitihani ni ukatili. Likizo ndefu tulikubaliana nusu kodi, vitu vyake vibaki ndani. Msichana yule wa Busia hakujua kuwasha jiko la mafuta taa. Alionyeshwa na mama wa chumba cha pili, aliyemuuzia pia sukuma wiki kwa deni. Mwanafunzi kutoka Lodwar alipougua usiku, alibebwa hadi hospitali na jirani, bawabu wa kiwanda. Ua ule mdogo ndio uliowapokea. Ulijengwa kwa sababu ya ubahili, maana bomba moja ni nafuu kuliko kumi, lakini watu walilazimika kusalimiana hapo asubuhi na jioni. Januari 2008, nchi ilipojaa hofu baada ya uchaguzi na majirani wakaanza kuulizana makabila, wapangaji wangu walilinda lango moja usiku kwa zamu, Mkikuyu na Mjaluo pamoja. Hawakuwa wageni kwa wenzao, ndiyo sababu.

Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Ruiru ilibadilika haraka. Sensa ya 2009 iliukuta mji huo na watu karibu 240,000. Ya 2019 ikakuta takriban 490,000. Kahawa iling'olewa, gorofa zikapanda Kihunguro na Kimbo. Siku hizi kijana hutafuta bedsita: choo ndani, bomba lake, tokeni zake za stima. Choo cha ndani ni heshima, na ningekitaka kwa mjukuu wangu pia. Lakini gorofa hizo hazina ua. Ngazi nyembamba, milango inayotazamana, mtu anaweza kumaliza muhula bila kujua jina la aliye ng'ambo ya ukuta. Madalali wamekuja pia, wanaotoza pesa za kukuonyesha chumba tu, na dipositi ambayo mwanafunzi haioni tena.

Kwa hiyo nawaomba mnaojenga Ruiru na Thika sasa hivi: ongezeni kipimo, futi kumi kwa kumi zilitosha kambi ya kibarua lakini hazimtoshi mtu anayesoma. Acheni nafasi ya wazi chini, yenye bomba, kamba za kuanikia na benchi. Nanyi wazazi mnaomleta mtoto kwa mara ya kwanza, msimwache langoni. Ingieni naye, mbishe mlango wa jirani, mseme mmetoka wapi.