Vitulizahomoni, Si Vichocheo

Kijitabu kimoja cha afya kilichotufikia Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, kinamwambia mwanamke mwenye endometriosi kwamba dawa yake ni "matibabu ya vichocheo". Kila nikikisoma hasira hunipanda. Mtu anayejikunyata kitandani kila mwezi kwa maumivu, nani atamshawishi ameze kitu cha kuchochea?

Kuchochea, kwa mama yeyote wa Katanga, ni kazi ya mbabula, jiko la makaa: makala yamefifia, unayapanga upya, unapepea, moto unashika. Kamati ya istilahi kuketi na kuiita homoni "kichocheo" hakujalibadilisha neno hilo maana.

Watetezi wa "kichocheo" hukimbilia Kigiriki. Ni kweli, Ernest Starling alipowatajia madaktari wa London neno homoni mwaka 1905, lilikuwa limechotwa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha na kusukuma. Lakini alikuwa na nini mkononi? Mwaka 1902 yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua sekretini, inayotoka kwenye utumbo na kuliamsha kongosho litoe majimaji yake. Jina likafuata mfano huo. Kisha mwaka 1973 ikatambuliwa somatostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia homoni ya ukuaji isitoke. Nayo tuiite kichocheo? Katika lugha za Ulaya mzizi ule umeshasahaulika, haumpotoshi mgonjwa. Sisi tumeufukua na kuupanda katika lugha ambayo hata mtoto anajua kuchochea ni nini.

Neno langu ni vitulizahomoni. Muundo wake tumeuzoea: kifunguakinywa, kipazasauti, kiuavijasumu. Kitenzi chake ni kutuliza, tunachokitumia kwa mtoto anayelia na kwa jino linalouma, na ndicho dawa hizi zinachokifanya. Katika endometriosi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba imeota nje yake, na estrojeni ndiyo inayoilisha. Projestini kama dienogesti huipunguzia chakula hicho. Ziko sindano zinazokata amri ya ubongo kwa ovari, na ndiyo sababu huleta joto la ghafla na, zikitumiwa muda mrefu, kudhoofisha mifupa. Msomi mmoja amenipinga kwamba projestini yenyewe ni homoni, basi haiwezi kutuliza homoni. Hoja hiyo haina uzito. Kinachopewa jina hapa ni kazi ya dawa, si asili yake.

Kwa matumizi: kitulizahomoni, vitulizahomoni, ngeli ya KI-VI. Mgonjwa aelezwe pia kwamba haviponyi, kwamba maumivu huweza kurudi akiviacha, na kwamba anayetafuta mtoto anahitaji njia nyingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu. Dodoso la maswali 30 lililotungwa Oxford na kuchapishwa mwaka 2001 hupima ubora wa maisha yao kwa mambo ya kila siku: kutembea, kukaa, kulala, kujiona una uwezo juu ya mwili wako. Kwa kuutafuta uwezo huo, mwanamke wa Kilwa husafiri zaidi ya kilomita 300 kumwona bingwa Lubumbashi. Asirudi na karatasi itakayomfanya aviogope vidonge vyake. Ninyi mnaoandaa vijitabu vya Kiswahili Haut-Katanga, futeni "vichocheo" kabla ya toleo lijalo.